Kukaa Mchana

Siku ya kwanza nilipopewa kiti ofisini nilikaa mpaka makalio yakafa ganzi, na bado sikuinuka. Kilikuwa kiti cha mninga, kimesukwa henzirani hapo pa kukalia. Shuleni tulikuwa tukikalia mabenchi, nyumbani vigoda na ngozi, kanisani ubao mtupu. Kiti chenye mgongo, cha mtu mmoja, ambacho mwingine akikikalia una haki ya kumwambia aondoke, sikuwahi kuwa nacho. Wenzangu walipotoka kwenda kula mchana, mimi nilibaki pale pale nimekaa, natazama kalamu yangu. Nilijiona nimefika.

Hii ilikuwa Tabora, baada ya vita vya pili, katika ofisi moja ya serikali ambayo sina haja ya kuitaja. Chumbani tulikuwa wanne. Karani mkuu alikuwa mtu wa Tanga, mnene, wa koti na tarbushi, Kiswahili chake kitamu hata akikugombeza unaona haya kukasirika. Mpiga taipu alikuwa Msukuma kijana kuliko mimi, mwepesi wa vidole na mzito wa maneno. Na mlangoni alikuwako tarishi wetu, askari wa vita aliyekuwa amefika mpaka Burma.

Kila mmoja alikuwa na ukaaji wake. Karani mkuu alikunja mguu mmoja chini ya paja kama yuko barazani kwao, na juu ya kiti, ambacho peke yake kilikuwa na mikono, aliweka mto aliotarizi mkewe. Hakuinuka ila kwa Mzungu na kwa sala. Duka la Mhindi lilikuwa ng'ambo ya barabara tu, unaziona mpaka paketi za sigara kwenye rafu, lakini akitaka sigara alipanda baiskeli. Mpiga taipu alikaa ukingoni, akitikisa goti kutwa nzima, wino wangu ukitetemeka kwenye kidau, mpaka nikamwambia goti lile ipo siku nitalifunga kamba. Tarishi hakulipenda benchi lake hata kidogo. Alisema kukaa kunamletea kiuno. Barua ya kupeleka isipokuwepo alitoka tu, akazunguka jengo, akarudi akasimama.

Jioni Mwingereza wetu, Bwana Shauri, alicheza tenisi nyuma ya ofisi, nasi tulitoa viti nje tukamtazama. Alikwenda mbio huku na huko, uso mwekundu, shati limemganda mgongoni. "Mtu mzima," karani mkuu alisema, "anakimbia na hakuna anayemfukuza." Siku moja Bwana Shauri alituuliza kama tungependa kufundishwa mchezo ule, kwa kuwa alituona tunakaa mno, na miili yetu itaharibika. Karani mkuu alimshukuru kwa adabu zote. Mzungu alipokwisha kutupa kisogo, akatugeukia. "Mimi nilipelekwa shule ili nisitoke jasho. Sasa niende nikalitafute kwa raketi?" Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kuliko wote, nikijua kwamba kesho yake asubuhi baba yangu atakuja dirishani.

Baba yangu hakukaa mchana. Nasema hivi hivi kama ilivyokuwa. Ujanani alikuwa mpagazi, amebeba pembe kwenda pwani na kurudi na majora ya nguo, miaka mingi kabla reli haijafika Tabora. Kwetu Unyamwezi siku zile kijana ambaye hajaiona pwani hakuoa kwa urahisi. Na mpagazi akiwa njiani hakai. Akichoka hutafuta panda ya mti, akauegemeza mzigo pale, akasimama chini yake akapumua. Shingo inapumzika lakini miguu bado iko safarini. Kukaa ni kambini, watu wote wakishafika. Akikaa njiani na mzigo, magoti hulegea, na kuinuka tena ni kazi ya watu wawili, na msafara hauna watu wawili wa kumngoja mtu mmoja. Basi hata uzeeni, nyumbani kwetu Isevya, baba alisimama mpaka jua litue na sote tuwe ndani, ndipo alipovuta kigoda. Kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango, mahubiri yote. Mchungaji alimsihi mwaka wa kwanza na wa pili, kisha akamzoea.

Baba alikuwa na kaka yake, mkubwa wake kwa mama mmoja. Walikwenda pwani pamoja na walikuwa wakirudi pamoja, wamefika Kigwa, ambako mtu wa Tabora huanza kunusa kwao. Kaka yake alikuwa na kidonda mguuni. Waliegemeza mizigo mtini kama desturi, na ngoma ya kiongozi ilipolia tena, baba akajitwika. Kaka yake akakaa chini. Akasema, "Tangulia, nakuja." Baba alikuwa kijana, nyuma yake watu wanasukumana, mbele ngoma inalia. Akaenda. Alipogeuka mara ya kwanza alimwona amekaa. Alipogeuka tena nyasi zilikuwa zimemfunika. Kesho yake alirudi bila mzigo mpaka pale mtini. Jora la nguo lilikuwa limesimamishwa vizuri kwenye panda, halikuguswa, na chini yake nyasi zimelala mahali mtu alipokuwa amekaa. Mtu hakuwepo. Hakukuwa na damu, wala nyayo, wala kitambaa. Alimwita mpaka sauti ikamkauka.

Nilipozaliwa nilipewa jina la yule. Na kwetu mtoto aliyerithi jina la mtu huitwa kwa udugu wa mtu huyo, kwa hiyo baba yangu aliniita kaka. "Kaka, umekula?" "Kaka, ng'ombe wako wapi?" Nilikua nikiwa kaka wa baba yangu na sikuona ajabu yoyote, maana nyumba za jirani nazo zilikuwa na watoto walioitwa bibi na shangazi. Ajabu ilianza siku niliyopewa kiti.

Alikuja kila asubuhi kwa miguu kutoka Isevya, akasimama nje ya dirisha langu, akagonga kizingiti kwa fimbo.

"Mwangaluka, kaka."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Simama nikuone."

Nikasimama. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka pale ukuta ulipoikata miguu yangu, akasema, "Haya," akaenda zake. Wenzangu walifanya dhihaka, bila shaka. Mpiga taipu, ambaye kwa wiki hutoa maneno ya kujaza kijiko, alikuwa akisubiri baba aondoke, kisha anasema polepole, "Karani, kaa." Nilichukia. Nilikuwa mtu mwenye kazi yake na tai shingoni, na nilisimamishwa kila siku kama mtoto aliyekosa hesabu. Lakini kutosimama sikuweza. Nilijaribu asubuhi moja, nikajitia hamnazo, nikaendelea kuandika. Alingoja. Jua lilipanda, akangoja. Nilipoinua macho uso wake ulikuwa umebadilika rangi na midomo inamtetemeka, na niliinuka kwa kasi hata kiti kikaanguka.

Safari moja nilitumwa Dodoma kwa treni. Wakati wa kurudi treni ilisimama Kigwa kidogo, watu wakauza karanga na mayai, nami nilikuwa dirishani nimekaa, natafuna, nikitazama nyasi ng'ambo ya reli bila kuwaza lolote. Baba alikuwa akiningoja stesheni Tabora, amesimama. Hata mzigo hakuupokea kwanza.

"Ulipita Kigwa?"

"Nilipita, baba."

"Hukuteremka?"

"Treni haikai pale. Ni dakika tu."

"Hukumwona mtu?"

Nilitaka kucheka, na kicheko hakikutoka. Nilimwambia niliwaona wauza karanga. Akatikisa kichwa taratibu, akachukua sanduku langu akaliweka begani, tukaenda nyumbani. Tangu siku ile nami nikaharibika.

Njia ya zamani ya misafara ilipita nyuma ya ofisi yetu. Haikuwa njia tena. Ilikuwa bonde jembamba tu katika majani, limechimbwa na nyayo za watu wa zamani, na majani yake yaliota mafupi kuliko mengine. Uwanja wa tenisi uliikata katikati. Saa nane mchana, joto limekaza, taipu imenyamaza, karani mkuu anasinzia juu ya mto wake, nilianza kuhisi watu wanapita kule nyuma. Sisemi nilisikia. Nilihisi, kama mtu aliyelala anavyohisi wenziwe wanaondoka nyumbani bila kumwamsha. Miguu ilikuwa imekufa ganzi chini ya meza, na nilikuwa na hakika, hakika kabisa, kwamba nikijaribu kusimama nitashindwa. Niliogopa. Nilikuwa mtu mzima, Mkristo, mwenye mke, na nilikaa kwenye kiti changu cha serikali nikiogopa kujaribu magoti yangu mwenyewe. Na mara nyingine nilihisi kwamba anayeogopa pale si mimi, ni yule mwenye jina.

Kisha miguu ya baba ikaanza kuvimba. Nilimpeleka hospitali, dresa akambonyeza kifundo cha mguu, na kidole chake kikaacha shimo. Akaniambia pembeni kwamba moyo umechoka. Akasema mzee aache kutembea, akae kutwa, miguu iinuliwe juu ya kigoda, ndipo atakapouona mwaka mwingine pamoja nasi. Akiendelea na safari zake hatafika mbali. Nilimfikishia baba maneno yale yote. Alinisikiliza amesimama.

"Nikikaa mchana," alisema, "nani ataningoja?"

"Sisi, baba. Tuko hapa."

"Wewe ndiwe uliyekaa."

Nilimwomba. Mama alimwomba, akamfichia viatu, baba akaenda peku. Mchungaji alikuja akamwomba. Kila asubuhi niliona fimbo ikija kwanza, kisha mkono unaoshika ukuta, kisha yeye, anahema mpaka salamu inakatika katikati. Nilihesabu moyoni kuwa safari ile itamwua, na kwamba inafanywa kwa ajili yangu. Nikaona dawa ni moja. Kama mimi nitasimama kutwa nzima, naye ajue nasimama, hatakuwa na sababu ya kuja.

Nilikwenda kwa seremala wa Kihindi mjini akanitengenezea meza ndefu ya miguu, ya kufika kifuani, kama ile ya wenye maduka. Niliipeleka ofisini, nikakisukuma kiti changu ukutani. Karani mkuu aliitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi sebuleni. Nilimweleza habari za baba. Alifikiri, akapapasa tarbushi yake. "Simama," alisema. "Lakini usinisimamie karibu." Asubuhi yake baba alikuja, akanikuta nimesimama bila kuambiwa, naandika. Alikaa, nataka kusema alisimama, muda mrefu pale dirishani. Akasema, "Kutwa nzima?" Nikamwambia kutwa nzima, kesho na keshokutwa. Uso wake ulilegea. Sikuwahi kuuona hivyo. Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata, na mama akaleta habari kwamba mzee anakaa barazani mchana, mguu mmoja juu ya kigoda, wa pili bado chini.

Nilifurahi kupita kiasi. Kisigino kiliwaka moto, kiuno kiliuma, mishipa ilinisimama miguuni kama minyoo, na nilifurahi. Tarishi alikuwa mwenzangu sasa. Alinifundisha namna askari wanavyohamisha uzito wa mwili mguu huu na huu bila mkubwa kuona.

Lakini watu waliokuja ofisini hawakuwa na macho ya kujua karani anayesimama. Waliinamia waliokaa, wakanipita. Wengine walinipa baiskeli niwashikie. Mwisho alikuja mtemi mmoja na watu wake kwa shauri la ardhi, akaniwekea mwavuli wake mikononi pasipo kunitazama, akaenda kumsalimia mpiga taipu kwa heshima zote akidhani ndiye karani. Mpiga taipu, goti likimtikisika, hakujua la kufanya; akaitikia. Bwana Shauri aliona yote, akacheka sana, na kicheko kile ndicho kilichomchoma karani mkuu. Asubuhi iliyofuata nilikuta meza yangu imetolewa uani na kiti changu kimerudishwa mahali pake.

"Si kwa ubaya, mwanangu," karani mkuu aliniambia. "Mzee wako nampenda. Lakini ofisi hii ikianza kuchekwa, haina dawa."

Nilikaa. Nitasema kweli, mwili wangu ulishukuru. Baada ya wiki zile zote za kusimama, mchana, joto lilipokaza, kichwa kilianguka kifuani, mikono ikaning'inia, nikalala usingizi mzito pale pale kwenye kiti.

Kwa nini baba alikuja siku ile sijui. Mama alisema alikuwa barazani, akainuka ghafla kama aliyeitwa, akachukua fimbo. Tarishi ndiye aliyeona. Baba alifika dirishani akanitazama nilivyokuwa, kichwa chini, mikono inaning'inia. Hakugonga. Alizunguka akaingia kwa mlango, yeye ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti cha ofisi ile, akawapita watu bila salamu, akaja mpaka kwenye kiti changu.

Nilipozinduka nilisikia mtu anahema karibu na goti langu. Baba alikuwa amekaa chini. Alikuwa amekaa juu ya sakafu ya saruji, mchana kweupe, mgongo kwenye mguu wa kiti changu, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele kama mtoto. Taipu ilikuwa imenyamaza. Karani mkuu alikuwa amesimama.

Niliruka. "Baba! Nimesimama. Niangalie, nimesimama!"

Hakuinua macho. Alipapasa kiti pale nilipotoka.

"Kaa, kaka," alisema. "Wameshapita. Mimi leo siendi."

"Ni mimi, baba."

"Nakujua. Kaa tu. Tutakaa wote."

Miezi mizima nilikuwa nikimwomba akae. Sasa amekaa, nami ningetoa chochote nilichokuwa nacho asimame. Nilimshika makwapa nikamvuta, magoti hayakushika. Alikuwa mzito kuliko umbo lake, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Gari la Bwana Shauri lilikuwa safarini Ipole. Baba alisema neno moja tu, nyumbani, na alilisema kwa Kinyamwezi.

Karani mkuu akakiburuta kiti chake chenye mikono, na mto wake juu. "Mwekeni hapa," alisema. Akavua tarbushi, akaiacha juu ya meza, akakunja mikono ya koti, akainama akashika mguu wa kiti. Mpiga taipu akashika wa pili, tarishi wa tatu, mimi wa nne. Tukamwinua mpaka mabegani, tukatoka.

Watu wa Tabora walisimama kutazama makarani waliobeba mzee kitini jua la utosi. Hakuna aliyecheka. Karani mkuu, ambaye hakutembea mpaka dukani, alikuwa akitiririka jasho, pumzi zinapiga miluzi, na nilipomwambia ampishe mtu mwingine alitikisa kichwa. Njiani mikono ilichoka. Nikasema tumweke chini kidogo tupumue.

"Msinitue njiani," baba alisema.

Basi tuliegemeza miguu ya kiti juu ya ukuta wa ua wa Mhindi mmoja, tukasimama chini yake tukapumua, bila kumtua. Hakuna aliyekuwa amewafundisha wenzangu.

"Kigwa tumepita?" baba akauliza huko juu.

Tarishi akamjibu. "Tumepita, mzee. Kigwa tumeiacha nyuma."

"Na kaka?"

"Niko hapa," nikasema. "Nimebeba. Tunakwenda wote."

Hakusema tena. Tukajitwika, tukashuka kuelekea Isevya, na kwa kuwa kiti kilikuwa juu ya mabega yetu hakuna aliyeweza kuuona uso wake. Mama alikuwa mlangoni. Alimtazama yeye kwanza, kisha sisi, kisha akasema taratibu tumtue. Tulipiga magoti wote wanne tukamtua, na mkono wake ukateleza kutoka kwenye mkono wa kiti ukabaki unaning'inia. Ulikuwa umeshaanza kupoa. Tulikuwa tumetembea nusu ya mji, na mpaka leo sijui ni kipande gani cha njia ile tulichombeba akiwa hai.